Kapulana Ni Bubu, Kanga Inasema

Jumamosi, 28 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Mawazo yangu makubwa hunijia hapo, kwa sababu wembe unanilazimisha ninyamaze.

Siku kumi zimebaki ifike tarehe saba ya Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Hapa mjini Palma hakuna habari nyingine. Wanawake watavaa sare, watapiga ngoma, watapita mbele ya jukwaa. Sisi wanaume tutabaki majumbani kuunguza wali. Mimi Mashaka nimeosha sahani miaka miwili kwenye kambi ya watu wa gesi. Nimekula na mataifa kumi na moja, najua sikukuu zao zote kama ninavyojua vidole vyangu. Wafaransa siku yao ya taifa hupitisha vifaru. Waafrika Kusini huchoma nyama, halafu hugombania koleo. Waitaliano mwezi wa nane hufunga nchi nzima wakaenda kuoga. Wareno humkumbuka mtunga mashairi mwenye jicho moja. Sikuamini, wakaapa. Lakini hakuna taifa, nasema hakuna, linaloshindana kwa nguo kama Msumbiji tarehe saba!

Mke wangu Mwanaamina ni mkuu wa kikundi cha wanawake arobaini wa mtaa wetu. Kikundi cha pili ni cha Zubaida, mke wa Shamte mwenye duka la kapulana, vitenge vyetu vya Msumbiji. Kitakachopendeza zaidi kitapelekwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kucheza kwenye sherehe za Uhuru, tarehe 25 Juni.

Asubuhi Mwanaamina alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho: "Pemba niliingia na mtoto mgongoni na ndala moja. Safari hii nataka niingie nikicheza."

Ulikuwa mwaka ule wa kukimbia vita, na ile ndala ya pili mimi ndiye niliyeipoteza. Nikaenda kunyoa.

Ndipo wazo. Kapulana ni bubu! Ina maua, ina ndege, ina miduara, lakini haisemi neno. Kanga ya Mtwara ina jina lake, limeandikwa pindoni, inasema. Mgeni rasmi ataona sare mbili. Moja imenyamaza, moja inaongea naye. Atachagua ipi?

Nimechagua jina: MAMA NI TAA YA NYUMBA. Doti arobaini. Wala kanga haihitaji fundi, unajifunga unakwenda.

Mwanaamina alikwenda kuwauliza wenzake, akarudi. Akasema haya, wamekubali. Akaongeza kwamba nikiharibu, yeye anakwenda kwa mama yake kijijini Olumbi, na safari hii atachukua na sufuria kubwa.

Sufuria kubwa hajawahi kuitaja. Mambo ni mazito.

Jumatatu, 30 Machi

Nimempigia Bi Haula, Mtwara. Anauza kanga sokoni, ni mtu wa ukoo wa marehemu mama yangu, huniita mwanangu hata nikimkosea. Amesema doti zipo, atazifunga, na Dário dereva atazipitisha mpakani Alhamisi. Kwisha! Mambo ya kimataifa hayanipi jasho.

Shamte alipita kibandani kwangu, ninapochajia watu simu, eti kuchaji yake. Duka lake lina umeme wake, kwa hiyo alikuja kupeleleza. Akaniarifu, bila kuulizwa, kwamba kapulana za kikundi cha mkewe zimefika kutoka Nampula. Rangi ya chungwa, zina tausi, fundi Adamo yuko mbioni kuzishona. Kisha akauliza kwa upole wa paka kama nimekumbuka kwamba Ijumaa hii ni Ijumaa Kuu, Jumatatu ni Pasaka, na Tanzania wanafunga ofisi.

Mimi! Kuniambia mimi habari za sikukuu!

Nikamfundisha. Nikamwambia hapa kwetu serikali haina Pasaka kwenye orodha yake. Hata Krismasi inaitwa Siku ya Familia, ili kila mtu apumzike bila kujieleza. Na Pasaka yenyewe ni Jumapili, na Jumapili watu hupumzika dunia nzima, hakuna jipya. Ijumaa Kuu ni Ijumaa tu iliyojikuza.

Shamte akatafuna karafuu yake. Nimemshinda.

Jumatano, 1 Aprili

Leo wametaka kunifanya mjinga. MIMI!

Tarehe mosi Aprili, kwa asiyejua, ni siku ya uongo. Wareno hudanganyana mpaka saa sita. Wafaransa hubandikana samaki wa karatasi mgongoni, nami kambini nilitembea na samaki wangu tangu staftahi hadi chakula cha jioni, nikidhani watu wananipenda. Tangu siku hiyo tarehe mosi siamini hata adhana mpaka nitazame jua.

Sasa sikiliza. Saa nne Bi Haula anapiga simu. Sauti ya huzuni kabisa, mwigizaji hodari yule mama. Eti doti za Mama Ni Taa zimekwisha, mtu wa Newala amezichukua zote kwa harusi. Eti zilizobaki arobaini za jina moja ni za NIMEMCHOKA ILA NIMEMZOEA. Eti anitilie hizo?

Nilicheka mpaka mteja wangu akaondoka na chaji ya mtu mwingine. Nikamwambia Bi Haula: tia, mama, tia zote, na ukipata za kumtukana mkwe tia na hizo. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili! Nikasema sijapata kuwa na hakika hivi tangu nizaliwe. Akasema basi, mwanangu, wewe ndiye unayewajua watu wako.

Wazee wetu wana vichekesho. Nimemsamehe.

Jioni Mwanaamina aliuliza habari za kanga. Nikamwambia kila kitu kiko barabarani na mgeni rasmi aje na leso ya kufutia machozi.

Ijumaa, 3 Aprili

Dário hajafika. Nimempigia mara sita. Mara ya saba amepokea mkewe, Célia, nyuma yake watu wanaimba. Akaeleza kwa adabu kwamba leo ni Ijumaa Kuu, mumewe yupo nyumbani kwao, na atabaki hadi Pasaka ipite. Nikauliza na mzigo wangu? Akaenda kuuliza. Akarudi. Mzigo upo salama Kilambo, upande wa Tanzania, umefungiwa stoo. Utatoka watu wakirudi kazini.

Nikauliza wanarudi lini. Akahesabu: Jumamosi na Jumapili hakuna mtu stoo. Jumatatu ni Pasaka. Jumanne tarehe saba ni Siku ya Karume. Kwa hiyo Jumatano.

Jumatano ni tarehe nane!

Siku ya Karume naijua vizuri kabisa. Ninayo kwenye daftari langu la sikukuu, ukurasa wa Tanzania: bendera, hotuba, ofisi zimefungwa, watu wametulia. Nimeiandika kwa wino mwekundu. Kosa ni kwamba daftari nililifungua leo.

Kwa Mwanaamina nimesema mzigo umepumzika kidogo.

Jumapili, 5 Aprili

Mazoezi uwanjani. Wetu wamecheza na nguo za nyumbani, kila mtu rangi yake, utasema genge la nyanya na bamia. Kikundi cha Zubaida wamekuja wamevaa tayari. Tausi hamsini wa rangi ya chungwa. Wamependeza, siwezi kuficha. Hata mbuzi waliwapisha.

Zubaida aliwapita wetu akiwauliza, tena kwa sauti tamu, kama sare yao mwaka huu ni ya upepo, maana yeye haioni. Wenzake wakapiga vigelegele. Mwanaamina aliendelea kupiga ngoma yake, hakukosea pigo hata moja. Mimi namjua. Asipokosea ndipo ameumia.

Nimerudi nyumbani nikakuta sufuria kubwa limesuguliwa, limewekwa karibu na mlango.

Kesho nakwenda mwenyewe.

Jumatatu, 6 Aprili

Alfajiri, pikipiki ya kukodi ya Carimo hadi Namoto, mpakani. Vumbi limeniingia mpaka kwenye mawazo. Mtumbwi, mto Ruvuma, Kilambo. Saa nne niko mbele ya stoo. Kufuli kama kichwa cha mtoto.

Mwenye ufunguo ni mama mmoja mnene, mpole, amekaa kibarazani anachambua njegere. Nikaeleza shida yangu. Akasema pole, leo sikukuu. Nikamweleza kwamba sikukuu ni kitu cha mpaka: hapa leo ni Pasaka, lakini ng'ambo pale, mita chache tu, leo ni Jumatatu ya kazi, na mimi ni mtu wa ng'ambo.

"Basi kafanye kazi ng'ambo," akasema.

Nimesikia wanasheria wakishindwa kwa maneno marefu kuliko hayo.

Nikabadili mbinu. Nikachukua sinia nikachambua njegere. Nikateka maji ndoo nane. Nikawachezea wajukuu zake wanne mchezo wa Mfaransa anayetembea na samaki mgongoni. Mmoja alicheka hadi akatapika, nikamwosha. Pilau ilipoiva nikakaribishwa, nikala, nikaimba na wimbo wao wa kanisani nisioujua, kwa sauti kubwa kuliko wenyewe. Saa tisa yule mama akainuka, akafungua kufuli, akarudi kukaa. Baadaye akasema stoo haijafunguliwa leo, imefunguka. Nilimbusu mikono. Nilimwachia na kofia yangu ya kambini, wajukuu waliipenda.

Robota zima limeshonewa gunia. Sikulifungua. Siri ya sare ni siri.

Kurudi, kizuizini kwenye kona ya kuingilia mjini, askari Mnyarwanda, mmoja wa waliokuja kutulinda, akataka kuona kuna nini. Akaniamuru nisimame mbali. Akafumua mshono kidogo, akavuta pindo, akasoma. Kiswahili anakijua. Akanitazama. Akasoma tena. Akaniuliza kama nimeoa. Nikajibu kwa fahari kwamba nimeoa, na mke wangu ndiye kiongozi wa watakaovaa. Akatikisa kichwa akanisaidia kushona mshono. Nguo nzuri humgusa hata mwenye bunduki!

Nikamkaribisha kesho aje aone ngoma. Hapo uso wake ukabadilika. Akasema kwao kesho hakuna muziki. Wanaanza kuwakumbuka watu wao waliouawa, wiki nzima. Akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia.

Daftari langu halina ukurasa huo. Sikutania. Carimo naye alizima pikipiki, tukasimama kidogo.

Nimemsimulia Mwanaamina hata kabla ya kushusha robota. Tarehe moja, nchi tatu: moja inacheza, moja imefunga ofisi, moja inalia. Amesema kesho wakifika pale kona ya askari, ngoma zitalala.

Robota liko uani. Sufuria limerudi jikoni. Nimelala shujaa.

Jumanne, 7 Aprili

Niandike nini? Nianzie wapi?

Jua linatoka, wanawake arobaini uani kwangu, wamejipaka hina, wamejifukiza udi. Nikatoa hotuba fupi juu ya Mtwara, uzi, na mimi. Nikakata mshono. Kanga nyekundu na nyeupe zikamwagika, nzuri, nzuri kabisa! Sumaia, mdogo wao kuliko wote, akatandaza moja akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma barua ya serikali.

NIMEMCHOKA. ILA. NIMEMZOEA.

Nimesikia kuku wa jirani akifikiri.

Nikaanza kueleza habari za tarehe mosi Aprili, Wareno, samaki wa karatasi. Hakuna aliyenisikiliza. Mwanaamina akaiokota kanga, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wangu, kama mtu anayepima shuka na kitanda.

"Mashaka," akasema, "siri zetu umepewa na nani?"

Wa kwanza kucheka ni Atija, mke wa fundi Adamo, bibi wa wajukuu tisa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wote. Wakacheka wakishikana mabega, wakafuta machozi, hina ikaharibika. Nguo nyingine haikuwepo na saa mbili imekaribia. Wakajifunga. Mwanaamina ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliigeuza kanga yake ili maneno yakae katikati ya mgongo, akamwomba Sumaia amwangalizie kama yamenyooka.

Kona ya askari walipita ngoma zimelala. Arobaini wale, na kelele zote zile, ukasikia ndala tu. Yule wa jana alikuwepo. Aliinamisha kichwa.

Halafu uwanjani! Tausi wa Zubaida walitangulia, watu wakapiga makofi kwa adabu. Wakaingia wetu. Kwa mbele ni mama wa heshima, wanatabasamu, ngoma inatembea. Wakafika mbele ya jukwaa, wakageuka wote kwa pamoja. Migongo arobaini.

Wanaume walikuwa nyuma ya kamba. Kila mmoja akautafuta mgongo wa mkewe akausoma, kana kwamba kwake yeye yameandikwa tofauti. Fundi Adamo aliusoma wa Atija mara tatu. Akanigeukia, akaniuliza kama ni mimi niliyezileta. Nikasema sina uhakika.

Mgeni rasmi alikuwa Dona Dulce, mama wa cheo kutoka Pemba, mzaliwa wa kusini, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Akauliza wakubwa wa jukwaani kumeandikwa nini. Mmoja akakohoa. Mwingine akafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba. Wake zao wote wamo mle! Nikaona safari ya Pemba inazama. Nikamwona Mwanaamina amesimama wima, mgongo kwa jukwaa, anangoja. Mikono yangu ikainuka yenyewe, yote miwili.

Kireno changu ni cha darasa la tano na jiko la kambini, lakini leo kimenisimamia. Nikapaza sauti kumjibu: *A mulher cansa, mas não larga.* Yaani mwanamke huchoka, lakini haachii.

Dona Dulce akashika kifua. Akatoa leso. (Niliwaambia!) Akasimama, akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kireno kwamba hajapata kuona maneno yenye ukweli kama haya, na lazima ayasome kwa lugha ya wenyewe. Akavaa miwani. Akainua ngumi.

"Ni-me-mcho-ka!"

Uwanja mzima ukakosa pumzi. Kisha wetu arobaini wakajibu kwa sauti moja: "Ila nimemzoea!"

Akarudia. Safari ya pili wakajibu na tausi hamsini. Zubaida mwenyewe, kwa mikono juu, anamtazama Shamte! Safari ya tatu wakajibu wauza samaki, walimu, wauguzi, bibi mmoja aliyeletwa kwa toroli. Wanaume tulibaki tunatazama angani kama tunasubiri mwezi wa Idi.

Mtu akamnong'oneza Dona Dulce maana yenyewe. Nilianza kurudi nyuma polepole. Akatazama migongo ile, akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema amemkumbuka mumewe, Ricardo. Akaomba doti moja aende nayo. Atija akavua yake palepale, ndani ana gauni, akampa.

Kikundi cha Mwanaamina kinakwenda Pemba.

Mimi nimejificha jikoni, nikapika. Wali umeungua kama sheria ya siku inavyotaka. Mwanaamina amerudi saa kumi, vumbi mpaka kope, kanga bado mwilini. Nikampakulia. Akala sahani nzima, akakwangua na ukoko.

"Umeungua," akasema.

Nikasema najua.

"Nimeuzoea."

Jumatano, 8 Aprili

Mji mzima unanijua. Wanaume saba hawajibu salamu zangu, wanawake wote wananiita shemeji. Shamte amekuja kibandani, amekaa, amemaliza karafuu mbili, mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama Bi Haula ana namba ya simu. Nimemjibu kwamba biashara ya kimataifa si ya kila mtu. Kisha nimempa, nani asiyemwonea huruma? Jana amelala dukani.

Mwanaamina anaimba tangu asubuhi. Ameanza kuhesabu siku za Juni. Akaniketisha, akanishika mkono, jambo lisilo la kawaida, akasema: Mashaka, mume wangu, kwa ajili ya Pemba naomba kitu kimoja tu, usinisaidie.

Maneno ya mapenzi. Ana aibu ya kuniomba waziwazi, maana anaona nimechoka.

Nimempigia Bi Haula papo hapo, nyuma ya nyumba. Doti themanini, za Uhuru. Akauliza anitilie za jina gani. Nikamwambia achague yeye mwenyewe, wala asinitajie. Akaanza kunisomea yaliyopo dukani, moja baada ya moja, kwa sauti yake ile ya huzuni. Nikakata simu. Mwenye bahati ana haja gani ya kusoma?